Nauli ya Kitabu

Binti wa kaka yangu anasoma Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, alinijia nyumbani Qurum, hapa Maskati, na vitabu vitatu mkononi. Cha kwanza kilikuwa Paradise cha Abdulrazak Gurnah, nakala ya Kiingereza iliyokwisha kusomwa na mtu mwingine, jina lake limefutwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa mwanzo. Cha pili kilikuwa riwaya ya Naguib Mahfouz kwa Kiarabu, aliyoipata katika maonesho ya vitabu. Cha tatu kilikuwa Peponi, yaani kile kile cha kwanza, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Akavipanga mezani, akanitajia alicholipa kwa kila kimoja. Kile cha Kiswahili, lugha anayosemeshwa na bibi yake tangu kuzaliwa, kilikuwa kimemla fedha kuliko vile viwili ukivijumlisha.

"Ami," akaniuliza, "mbona cha kwetu ndicho ghali?"

Nilimjibu upesi kwamba ni nauli. Sikumdanganya, lakini lilikuwa jibu la mkato mno kwa mtu ambaye kazi yake kwa miaka thelathini imekuwa kununua vitabu, kuvipanga na kuwatafutia watu walivyovikosa. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia usiku ule.

Nianze na Kiingereza, maana hapo Qurum ina bahati. Mtaa wetu umepakana na Mina al Fahal, makao makuu ya kampuni ya mafuta ya PDO, na upande wa bahari, Shati al Qurum, balozi zimejipanga. Kwa hiyo tangu zamani tumeishi na majirani wanaokuja kwa mkataba na kuondoka kwa mkataba. Mtu wa namna hiyo akianza kufunga virago, vitabu huwa vya mwanzo kuachwa, kwa kuwa ni vizito na wasafirishaji wa mizigo hawasamehe kilo. Ndiyo sababu duka la vitabu vilivyotumika la House of Prose liliota mizizi hapa hapa, katika jengo la biashara la Al Wadi, na likajulikana miaka mingi kwa utaratibu mmoja: kitabu ulichokinunua kwao ukikirudisha, unapewa nusu ya ulicholipa.

Utaratibu huo unastahili kupigiwa hesabu. Tuseme umenunua Great Expectations kwa riali 2. Umeisoma, umeirudisha, umepokea riali 1. Kumsoma Dickens kumekugharimu riali 1, na nakala imerudi rafuni kumsubiri mwingine. Nakala hiyo ikipita mikononi mwa watu wanane, kila mmoja amelipa bei ya chai na maandazi mawili matatu, na duka limepata riziki yake. Kitabu chenyewe hakikupungua neno hata moja. Vitu vichache sana sokoni viko hivyo. Kiatu kilichovaliwa na watu wanane hakivaliki na wa tisa, ila riwaya ya mwaka 1861 humfikia msomaji wa tisa kamili kama ilivyomfikia wa kwanza.

Anayetafuta fasihi kongwe katika rafu za namna hiyo lazima ajue majira yake. Riwaya za upelelezi na za uwanja wa ndege zipo mwaka mzima, kwa mamia. Vitabu vizito huingia zaidi kati ya Juni na Julai, wakati wanafunzi wa shule za kimataifa wamemaliza mitihani na familia zinaondoka. Hapo ndipo utamkuta Macbeth, Jane Eyre na Of Mice and Men kwa wingi. Nakala nyingi zimeandikwa penseli pembeni. Wanunuzi wengi huzikwepa, na kwa hiyo huuzwa rahisi. Mimi huzitafuta, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na sita aliyelazimishwa na mwalimu kuuliza maswali pembeni mwa ukurasa mara nyingi ameuliza lile ambalo mtu mzima ataona haya kuuliza.

Kwa anayetaka kipya, kuna matoleo ya bei ya chini ambayo historia yake ni nzuri kuijua. Mwaka 1992 kampuni ya Wordsworth ya Uingereza ilianza kuuza fasihi kongwe kwa pauni 1 kitabu. Wenzao wakubwa, Penguin, wakalazimika kujibu kwa matoleo yao ya bei hiyo hiyo. Iliwezekana kwa sababu Austen, Dickens na Tolstoy walikwisha kufa zamani, na muda wa kulipwa warithi wao umekwisha. Mchapishaji analipia karatasi, wino na gari la mizigo tu. Matoleo ya India yanafuata hesabu hiyo hiyo kwa karatasi nyepesi zaidi, na kwa Maskati, iliyo jirani ya Bombay kwa bahari tangu enzi na enzi, hayo si mageni.

Lakini rahisi ina mitego yake, na mtego mkubwa ni mfasiri. Ukinunua Dostoyevsky wa bei ya chini, mara nyingi unanunua Kiingereza cha Constance Garnett, aliyefariki mwaka 1946. Ukinunua Tolstoy, ni cha Louise na Aylmer Maude, mke na mume waliomjua Tolstoy mwenyewe. Fasiri ya akina Maude mpaka leo ni chakula safi; anayekwambia ni lazima ununue ya juzi kwa bei mara nne anakuonea. Garnett alikuwa na haraka, na sauti za wahusika wake hufanana, ila ndiye aliyewafikisha Warusi kwa wasomaji wa Kiingereza wa vizazi viwili. Toleo la kuliogopa ni lile lisilotaja mfasiri kabisa. Fungua ukurasa wa pili na wa tatu. Kama jina la aliyefasiri halipo, rudisha rafuni. Aghlabu kilichomo kimekatwa, au kimeokotwa mahali bila kusahihishwa.

Jambo jingine ni jua letu. Kitabu cha jalada laini kilichogundishwa mgongoni kwa gundi nyepesi, ukikisahau garini mwezi wa Juni, jioni utakuta kurasa zimeachana kama kadi za kuchezea. Gundi hulainika kwa joto, kisha hukauka na kuvunjika. Kabla ya kununua kilichotumika, kifungue katikati, ukipinde taratibu, usikilize. Kikilia kwa ukavu, kina msimu mmoja tu wa kuishi. Kilichoshonwa kwa uzi, hata kama jalada limechakaa, ni mali. Nimeona watu wakiacha nakala iliyoshonwa ya miaka ya 1950 kwa sababu ya doa la chai, wakachukua iliyong'aa ambayo haikumaliza mwaka.

Kiarabu sitakaa nacho sana, kwa kuwa njia yake ni nyeupe. Maonesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Maskati huwa kila mwaka katika ukumbi mkubwa wa maonesho karibu na uwanja wa ndege, kwa kawaida mwisho wa Februari, ingawa mwaka 2025 yalisogezwa hadi Aprili. Wachapishaji wa Cairo na Beirut huja na makontena. Nenda siku ya kwanza ukaone, nenda siku ya mwisho ukanunue, maana hakuna anayependa kurudi na mzigo. Ulizia mabanda ya taasisi za serikali za Misri na Kuwait, ambazo vitabu vyake vinalipiwa sehemu ya gharama na hazina. Baraza la Utamaduni la Kuwait limekuwa likitoa mfululizo wa Alam al-Ma'rifa tangu 1978 kwa bei ambayo haitoshi hata karatasi. Hiyo ndiyo siri ya urahisi wa Kiarabu: kuna dola zilizoamua kuwa raia wake wasome.

Sasa Kiswahili.

Kuna wakati mkondo wa vitabu kati ya pwani zetu mbili, ya Afrika Mashariki na ya Oman, ulikwenda huku kwetu kwa kasi kuliko leo. Katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, mtambo wa chapa wa Kisultani ulianzishwa Unguja, ukachapa vitabu vya wanazuoni wa Kiibadhi, ikiwemo sehemu ya Qamus al-Sharia ya Jumayyil bin Khamis al-Sa'di, kazi ya juzuu 90. Wanazuoni wa Nizwa na Rustaq walisoma vitabu vyao wenyewe vilivyochapwa Unguja, kwa kuwa Oman haikuwa na mtambo. Vilikuja kwa majahazi na pepo za kusi, pamoja na boriti.

Boriti zinanirudisha kwenye nauli. Qurum maana yake ni mikoko. Ile hifadhi ya miti iliyoko kwenye khori tunayoipita kwa gari kila siku ndiyo iliyoupa mtaa jina. Lakini miti ya hapa ni michu, haina unyoofu wa kuezekea. Boriti zilizobeba dari za nyumba za zamani za Maskati zilikatwa Rufiji na Lamu. Na hakuna mfanyabiashara aliyewahi kukodi jahazi kwa ajili ya boriti moja. Nauli iligawanywa kwa shehena nzima, na ndiyo sababu maskini naye aliweza kuezeka. Sisi leo kitabu tunakikodia ndege peke yake. Binti wa kaka yangu aliagiza Peponi moja, katika bahasha moja, kwa msafirishaji wa haraka, na nauli ikaipita bei ya kitabu. Aliyemuumiza si mchapishaji wa Dar es Salaam.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko katika madarasa ya Afrika Mashariki, na wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Ghuba hawaijui.

Riwaya ya Kiswahili huishi au hufa kwa orodha ya mitihani. Kenya vitabu vya orodha hiyo huitwa vitabu teule. Kikiteuliwa, mchapishaji anachapa makumi ya maelfu akijua kila mwanafunzi wa kidato lazima awe nacho, na bei kwa nakala inashuka. Kikiondolewa, wanunuzi wanatoweka kwa siku moja, na mchapishaji anaacha kukichapa hata kama ni kazi ya thamani kubwa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1980, ilipita njia hiyo Kenya. Baadaye Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kikachukua nafasi ya riwaya, kisha Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Tanzania Bara, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi na Kufikirika ya Shaaban Robert zimesomeshwa kidato cha tano na cha sita, na ndiyo maana hizo mbili hazikosekani ukiulizia Dar es Salaam. Lakini jaribu kuulizia Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, au Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla, cha 1968. Utazunguka.

Faida yake kwa mnunuzi ni hii: wakati wa kununua riwaya ya Kiswahili ni mwaka inapotoka kwenye orodha. Nakala elfu kwa elfu zinamwagika barabarani, kwa kuwa mdogo wa mwanafunzi hana tena haja nazo. Nairobi wauzaji huzitandaza chini kando ya njia, na wenyewe huita duka la namna hiyo "inama", maana huwezi kuchagua bila kuinama. Miaka miwili baadaye nakala zimekwisha, zimefungiwa karanga, na hapo ndipo anayetaka moja tu huambiwa bei ya kustaajabisha. Kwa hiyo anayeishi Maskati na kupenda fasihi yetu afuatilie mabadiliko ya mitaala ya Nairobi na Dodoma kama mkulima anavyofuatilia mvua. Huo si mzaha. Ni njia pekee ya uhakika niliyoiona ikifanya kazi mwaka baada ya mwaka.

Nauli nayo tuliipatia dawa siku nyingi, tukasahau kuitumia. Hakuna wiki ambayo hakuna mtu wa Qurum, Al Khuwair au Seeb anayerudi kutoka Unguja au Dar es Salaam kwa harusi, msiba au likizo. Sanduku lake lina karafuu, maembe, dagaa na kanga. Riwaya ya kurasa mia mbili ina uzito wa robo kilo, pungufu au zaidi kidogo. Kilo mbili ni riwaya nane. Ukimwomba msafiri kilo mbili, umempunguzia maembe manne, na nauli ya vitabu vyako imekuwa asante na sahani ya halua. Lakini lazima umpe orodha iliyoandikwa, yenye jina la mtunzi na la mchapishaji, na fedha mkononi kabla hajaondoka. Ukimwambia kwa mdomo "niletee kitabu chochote cha Kiswahili", atakuletea cha mapishi.

Lazima niseme na yaliyoniuma. Miaka michache iliyopita nilitaka kumpa mke wangu kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuandika maisha yake kwa Kijerumani, kitabu kilichotoka mwaka 1886. Fasiri yake ya zamani ya Kiingereza haina tena mwenye haki, kwa hiyo kila mtu anaweza kuichapa. Nikaagiza kwa njia ya intaneti kutoka kwa muuzaji mmoja anayechapa nakala moja moja kwa kila anayelipa. Jalada lilikuwa zuri. Ndani, mashine ilikuwa imesoma vibaya karatasi za zamani: majina ya watu yamegeuka herufi zisizotamkika, maelezo ya chini ya ukurasa yameingia katikati ya sentensi, na sura moja imekatika bila mwisho. Mke wangu alikuwa na hamu ya kumsikia mwanamke wa Mtoni akizungumza, akakutana na kelele za mashine. Nilihuzunika kwa ajili yake, na kwa ajili ya Salme. Tangu hapo, kitabu cha namna hiyo sikinunui mpaka nimeona kurasa zake kumi. Ubaya wake ni kwamba kinaharibu hamu, na hamu ikishaharibika hakuna toleo la rahisi litakaloirudisha.

Wapo watakaosema: kwa nini tusitoe kopi? Duka la fotokopi liko kila kona, na Kisima cha Giningi hakipatikani. Naielewa hoja hii kuliko nyingine zote, maana nimewahi kushika nakala ya pekee na kuogopa isichanike. Lakini sheria ya Oman, Amri ya Sultani namba 65 ya mwaka 2008, inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya kufa kwake, na Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Zaidi ya sheria kuna hesabu. Mchapishaji wa Kiswahili anayefikiria kuchapa upya anaangalia maagizo aliyonayo. Kopi thelathini zinazotolewa Maskati hazimfikii kama maagizo. Zinamfikia kama kimya, na kimya anakisoma kuwa hakuna anayetaka. Wasomaji thelathini wakiandika barua moja ya kuagiza, pamoja na malipo, wanakuwa sababu ya kuwasha mtambo. Kitu kama hicho ndicho kinachofanywa na shule bila kujua, na hakuna kinachotuzuia kukifanya kwa kujua.

Kwa maoni yangu, basi, tatizo letu Qurum halikuwa umaskini. Watu wa mtaa huu hulipa riali 2 kwa kikombe cha kahawa bila kukunja uso. Tatizo ni kwamba vitabu vya Kiingereza hapa vinazunguka na vya Kiswahili vimekaa. Nenda nyumba yoyote ya waliotoka Zanzibar baada ya 1964 wakaja huku miaka ya 1970: kabatini, nyuma ya vikombe vya harusi, utakuta nakala ya Kusadikika, ya Mzimu wa Watu wa Kale, labda Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere. Vimewekwa kwa heshima, kama picha ya marehemu, na havijafunguliwa miaka ishirini. Mwenyewe akifariki, watoto wanaosoma Kiarabu na Kiingereza hawajui ni nini, na vinakwenda na magodoro. Nimezikuta nakala za toleo la kwanza katika mizigo ya kutupwa. Kila moja ilikuwa inatafutwa na mtu aliyeishi umbali wa dakika kumi.

Ndiyo maana usiku ule wa Ramadhani, baada ya binti wa kaka yangu kumaliza kulalamika na mimi kumaliza kujitetea, tulifanya jambo dogo. Tulitoa vitabu vyangu vya Kiswahili kabatini, tukavihesabu: 61. Akapiga simu kwa bibi yake Al Khuwair, naye akatoa 14. Jirani wa mtaa wa pili, mama aliyekuwa mwalimu Pemba, akaleta 9 vilivyofungwa kwa kanga. Tuliviweka kwenye rafu moja sebuleni kwangu, karibu na mlango, na juu yake daftari la mistari lenye safu nne: kitabu, msomaji, siku aliyochukua, siku aliyorudisha. Anayechukua anaweka riali 1. Akirudisha anapewa baisa 500, ule ule utaratibu wa nusu tuliojifunza dukani, na baisa 500 nyingine zinabaki katika kopo la maziwa kwa ajili ya orodha ya msafiri.

Hadi mwezi uliopita kopo lilikuwa na riali 27. Msafiri wa safari hii ni kijana anayekwenda Unguja kuoa, na amekubali kilo tatu. Cha kwanza katika orodha yake ni Nyota ya Rehema, kwa sababu nakala yetu ilichukuliwa na mtu wa Seeb mwezi wa Shawwal, akampa dadaye, naye akampa mkwewe Sohar, na daftarini safu ya nne bado iko wazi. Cha pili ni Peponi nyingine mbili.